Kutoka Mtae hadi Maziwe: majibu kwa mnaoijia Tanga

Watu wa Tanga tuna msemo wetu wa tangu zamani: waja leo, waondoka leo. Wengi mnaoniandikia mnataka kuufuata kama ulivyo. Mfike Jumamosi, mpande mlima, muoge bahari, na Jumapili jioni mko stendi. Mimi nimezaliwa Muheza, ndugu zangu wengine wako Bumbuli kwenye chai na wengine Pangani kwenye ngalawa, kwa hiyo sijawahi kuona mlima na pwani kama safari mbili. Nyumba, misitu, reli na makaburi ya mkoa huu yanasimulia habari moja, na ukiona upande mmoja tu umesikia nusu yake. Hapa nimejibu maswali manane yaliyokuja mara nyingi kuliko mengine.

"Shikamoo mama. Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 11, na siku nne tu tukitokea Morogoro. Tuanze mlimani au baharini?"

Marahaba mwanangu. Anzeni mlimani. Mtoto akishaonja bahari, kumrudisha kwenye gari apelekwe kwenye baridi ni kazi kubwa.

Pandeni basi la kupitia Chalinze na Segera, mshuke Mombo, na mpange kufika pale mchana. Mombo iko chini na joto lake ni la nyika. Kutoka hapo ni kilomita 33 hadi Lushoto, kona juu ya kona, korongo upande mmoja na jabali upande wa pili. Anayetapika akae kiti cha mbele na asile chipsi pale stendi. Mkipita Desemba au Januari mtaona akina mama wanainua masinia ya plamsi hadi kwenye dirisha la basi, zimepangwa kama vichuguu, zile nyekundu juu na za kijani chini. Waambieni wawachanganyie. Soni mpumzike, watoto waone maporomoko ya maji. Lushoto yenyewe iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku wake unataka sweta na blanketi zito.

Laleni Lushoto usiku mbili, siku ya tatu mshuke hadi Tanga na mlale Pangani. Hifadhi ya msitu wa Amani, juu ya Muheza, mtaikosa safari hii. Ni heri muikose kuliko kuipitia mbio.

"Nasoma usanifu majengo Dar es Salaam. Nataka kuchora nyumba za zamani, lakini kila ninayemuuliza ananipeleka Zanzibar. Tanga kuna nini?"

Swali lako limenifurahisha, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Anza Pangani. Nyumba za zamani za pale ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa. Hilo ulipime mwenyewe kwa futi. Boma la Pangani lilikuwa la utawala wa Waarabu kabla ya Wajerumani kuligeuza la kwao, na milango ya nakshi bado ipo. Usianze na kalamu. Tafuta mahali lipu ilipobanduka, weka kiganja. Utagusa jiwe lenye vijitundu kama sega la nyuki, na kati ya jiwe na jiwe utaona chokaa iliyochanganyika na vipande vya kombe. Ukuta huo unapumua. Unanyonya unyevu wa pwani na kuutoa nje. Ukiupaka saruji, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi yake, na baada ya misimu michache lipu inaanguka na jiwe linakuwa unga. Nyumba moja ya ghorofa niliyoijua tangu utoto, yenye baraza tulilokuwa tukichezea bao, ilikarabatiwa kwa saruji na watu waliodhani wanaiokoa. Leo imebaki ukuta mmoja. Ndiyo maana nafurahi kijana wa usanifu anapotaka kuja kuchora, kwani mchoro wenye vipimo unaweza kuisaidia nyumba wakati fedha za ukarabati hazijapatikana.

Mjini Tanga nenda Boma la zamani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga, kisha uende Bombo ukaone jengo la zamani la hospitali ya Wajerumani linalotazama bahari. Ukitoka hapo ingia Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina, ukachore nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Wasomi wengi wanazipita hizi kwa sababu hazina roshani. Kwangu mimi ndizo za kwanza, kwa sababu bado zinaishi watu.

Halafu panda mlimani. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, jina la mfalme wao, na wakajenga nyumba za mawe na paa la mwinuko mkali, kama vile theluji ingekuja. Karibu na Soni kuna Sakharani, leo ni shamba la watawa Wabenediktini wanaotengeneza mvinyo na kulima makadamia. Shamba hilo lilikuwa la Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyepigana na Wahehe wa Mkwawa. Waafrika ndio waliompa jina la Sakarani, yaani mlevi, kwa jinsi alivyokuwa akiingia vitani, na jina la utani likawa jina la mahali. Mwenye shamba huyo aliuawa Novemba 1914 pwani, katika mapigano ya Tanga, wakati jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India lilipojaribu kuuteka mji likashindwa. Watu wa hapa wanayakumbuka mapigano hayo kwa nyuki walioshambulia pande zote mbili.

Ukichora nyumba ya namna hiyo, uliza pia jiwe lilibebwa na nani. Ramani nyingi za majengo ya wakati huo zina jina la mwenye nyumba, na fundi aliyechonga dirisha hana hata herufi moja. Mlalo, upande wa kaskazini wa Lushoto, utakuta nyumba za ghorofa za matofali ya udongo zenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa, kazi ya Wasambaa wenyewe. Weka siku nzima kwa Mlalo.

"Nipo Mombasa. Naweza kuvuka Horohoro, nikaona mapango ya Amboni na kurudi siku hiyo hiyo?"

Unaweza, ukitoka alfajiri na hati zako za kusafiria ziko sawa. Amboni iko kilomita kama 8 kaskazini ya mji wa Tanga, karibu na barabara hiyo hiyo utakayopita. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa muda mrefu sana, na sehemu moja ndiyo inayotembelewa pamoja na mwongozaji. Vaa viatu vya kukamata, chukua tochi yako, na usishangae ukikuta mishumaa na chupa za marashi ndani. Kwa watu wengi pale ni mahali pa kuweka nadhiri, kwa hiyo pita kwa adabu kama unavyopita makaburini. Popo ni wengi, na jioni wakitoka nje kwa pamoja ni jambo la kuona, ila ukiwangoja hutarudi Mombasa siku hiyo. Lala Tanga, ndugu yangu.

"Naogopa urefu. Irente nitaweza? Rafiki zangu wananicheka."

Utaweza, na wasikucheke. Irente ni jabali lililo kilomita tano hivi kutoka Lushoto, na mbele yake mlima unakatika ghafla karibu mita 1,000 hadi nyika ya Mazinde. Mwenye macho mazima huona mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari, reli, na barabara kuu ambayo malori yake yanafanana na siafu. Anayeogopa hana haja ya kufika ukingoni. Kaa chini kwenye nyasi hatua kumi nyuma, mgongo ukiwa umeegemea jiwe, uangalie upeo wa mbali kwanza kabla ya kutazama chini. Mimi nilimpeleka dada yangu hivyo, alishika nyasi kwa mikono miwili robo saa nzima, kisha akaziachia akaanza kuuliza majina ya vijiji.

Mtu asikubali kusogezwa ukingoni kwa ajili ya picha. Upepo wa pale husukuma, na mvua ikinyesha jiwe linateleza kama sabuni.

Njiani kurudi pitia shamba la kanisa la Irente, ununue mkate na jibini.

"Kundi letu la vijana sita tunataka kutembea kwa miguu Lushoto hadi Mtae kupitia nyanda za juu. Siku ngapi, na tubebe nini?"

Siku tatu, usiku mbili njiani, ndivyo wengi wanavyokwenda. Mnapitia msitu wa Magamba, mnatokea sehemu za Lukozi na Shume, mnalala Rangwi, kisha Mtae. Magamba ni msitu wa hifadhi wenye mbega weusi na weupe. Mtawasikia kabla hamjawaona, sauti yao ni kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mkitoka msituni mtashangaa, kwa sababu mlima mnaoudhani utaendelea kupanda unalala. Shume ni tambarare ya juu, mashamba ya viazi, kabeji na karoti hadi macho yanapokoma, na baridi yenye ukungu hata saa sita mchana. Siku ya gulio pale Lukozi malori hupakia mboga za kwenda Dar es Salaam, na wabebaji wanakimbia na magunia mgongoni kwenye utelezi. Keti unywe chai uwatazame. Ni kazi ya nguvu na ustadi.

Shume iliwahi kuwa msitu mkubwa wa mitarakwa, wenyeji huiita mwangati. Wakati wa Wajerumani ulijengwa waya mzito wa kushushia magogo kutoka juu kule hadi stesheni ya Mkumbara, magogo yakining'inia juu ya korongo, kisha reli ikayapeleka bandarini Tanga. Reli yenyewe ilianza kujengwa 1893 na ikafika Korogwe 1902. Leo sehemu kubwa ya Shume ni misindano iliyopandwa. Mkipita chini ya misindano hiyo sikilizeni, hakuna ndege. Rudini Magamba mkasikilize tena, mtaelewa ni kitu gani kilishuka kwa ule waya.

Mtae iko mwishoni kabisa, kijiji kimekaa juu ya ukingo kama ndege juu ya tawi. Chini ni Mkomazi, mbele ni milima ya Upare, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro inaonekana. Amkeni saa kumi na mbili kamili. Saa mbili mlima umeshajifunika.

Bebeni makoti ya mvua, soksi za ziada, chumvi na sukari vya kuwaachia mtakaolala kwao. Mjifunze kusalimia: *onga mshee*. Na kushukuru: *hongea*. Mzee wa Kisambaa akisalimiwa kwa lugha yake na kijana mgeni, hata njia ya mkato atakuonyesha. Msiende Machi hadi Mei, kwani masika huleta maporomoko ya udongo na njia hukatika.

"Kwa nini tulipe kiongozi na ada ya kijiji wakati mlima ni wa Mungu? Juzi tulirudishwa njiani."

Uchungu wako nauelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kutozwa mara mbili kwa njia moja, na aliyenitoza mara ya pili hakuwa na risiti. Kosa lile halikunifanya niache kulipa, lilinifundisha namna ya kulipa. Kwenye misitu ya hifadhi malipo ya serikali hutolewa kwa namba ya malipo, unalipa kwa simu na ujumbe unabaki nao. Ada ya kijiji ilipwe ofisi ya kijiji, uandikiwe risiti. Kiongozi mchukue kupitia ofisi ya utalii iliyopo mjini, mpatane bei, saa na chakula kabla ya hatua ya kwanza.

Lakini mlima si wa Mungu peke yake, ndugu yangu. Njia unayopita inapita shambani kwa mtu, kuna mtu aliyeifyeka baada ya mvua, na chanzo cha maji unachopiga picha kina walinzi wanaokesha wasiingie wakata mbao. Wasambaa wamekuwa na utawala wao kwenye milima hii tangu enzi za Wakilindi, ukoo wa watawala waliokaa Vuga. Mgeni kupita kwa ruhusa ni desturi ya zamani kuliko ofisi yoyote ya leo.

"Mwanangu anapenda maua na vinyonga. Amani inafaa kwa mtoto wa miaka 9?"

Inafaa mno. Mnapanda kutoka Muheza, njia ni mbaya wakati wa mvua, kwa hiyo tafuteni gari lenye magurudumu ya juu. Nikiwa msichana, harufu ilikuwa ndiyo alama yangu ya kufika: iliki, mdalasini na majani mabichi ya karafuu yaliyoanikwa kwenye jamvi kando ya njia.

Kituo cha utafiti wa kilimo na mimea kilianzishwa pale 1902, na bustani yake ina miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Hifadhi ya msitu asilia ilitangazwa 1997. Mwonyeshe mtoto ua moja dogo la zambarau linaloota kwenye mwamba wenye kivuli karibu na maji. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ua hilo kwao, na sasa liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na lilipewa jina lake kwa Kilatini, Saintpaulia. Nyumbani kwake halioti kwenye chungu. Linaning'inia kwenye jiwe lenye ukoka, majani yake yana vinyweleo kama sikio la mbuzi mchanga. Asilichume.

Vinyonga watafuteni usiku kwa tochi. Wakilala wanageuka weupe-weupe na mwanga unawadaka kirahisi kwenye tawi. Bibi yangu aliwaogopa kufa. Mwanao akikua bila hofu hiyo nitashukuru.

"Assalaamu alaykum. Naishi Maskati, babu alizaliwa Pangani. Nakuja kwa mara ya kwanza Desemba. Nione nini, na Maziwe tuende saa ngapi?"

Waalaykumu salaam, na karibu nyumbani. Ukishuka garini nenda kwanza mtoni, pale kwenye kivuko cha kuelekea Bweni. Mto huo umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita chini ya milima ya Usambara, na hapo ndipo unapomaliza safari. Kaa uangalie mji ukiwa na maji mbele yako, kama babu yako alivyouangalia.

Pangani ilitajirika kwa pembe za ndovu, sukari na watu waliouzwa. Nakuomba uyatazame yote matatu. Waliolima miwa ile kando ya mto walikuwa watumwa, na wajukuu wao wako mjini hapo hapo, pengine ndio watakaokuonyesha njia. Utaonyeshwa pia habari za Abushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba la miwa hapo na akaongoza watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani 1888. Walimnyonga Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Ukiwa hapa Desemba, utakuwa mji ule ule mwezi ule ule. Ng'ambo, sehemu za Kikogwe, ndiko mkonge wa kwanza ulikopandwa 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote utakayoyaona hadi Mombo.

Maziwe usipange kwa saa ya mkononi, panga kwa mwezi. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Bahari imekila, na sasa ni fungu la mchanga mweupe linalotokea maji yakipwa na kuzama yakijaa. Wakati wa bamvua, mwezi mpya au mpevu, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo ondokeni mapema, muogelee juu ya matumbawe, na mgeuke mara nahodha atakapowaita. Siku za maji mafu saa hubadilika na mchanga unakuwa mdogo, muulize nahodha siku moja kabla. Hakuna kivuli wala maji ya kunywa. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kasa bado hupanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukweni Ushongo yasije yakafunikwa. Usichukue hata kombe moja.

Ukirudi Tanga simama Tongoni, kilomita kama 17 kabla ya mji. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo ya karne nyingi. Angalia kwenye nguzo utaona visahani vya mviringo vilivyochimbwa ndani ya chokaa, vitupu. Humo mlikuwa na bakuli za kaure, zikang'olewa moja moja. Pitisha kidole kwenye mviringo wake, bado umelainika.

Halafu geuza uso magharibi. Mwaka 1498 jahazi la Vasco da Gama liitwalo São Rafael lilipanda mwamba mbele ya pwani hii, na mabaharia waliokwama wakaona milima mizuri bara wakaipa jina la jahazi lao. Mwaka uliofuata wakalichoma hapa hapa, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi. Milima waliyoiona ni Usambara, tayari ilikuwa na watu na majina yake. Fika Tongoni asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, kabla mawingu hayajaishika.